ODBC, JDBC, draiva asilia au SQLite: ipi ifungwe kwenye mashine ipi

Mfumo wa biashara ya samaki Mwanza mara nyingi una mashine nne zisizofanana. Kuna kompyuta ya mizani mwaloni Kirumba, kompyuta ya kituo cha kununulia Nansio kisiwani Ukerewe, programu ya mapokezi kiwandani, na Excel ya mhasibu. Zote zinahitaji namba zilezile kutoka hifadhidata moja, tuseme PostgreSQL iliyo kwenye seva ya ofisini. Kosa linaloanza mapema ni kutafuta draiva moja itakayozifaa zote nne.

Draiva ni maktaba ya programu. Inafungua muunganisho wa TCP hadi kwenye poti ya hifadhidata: 5432 kwa PostgreSQL, 3306 kwa MySQL, 1433 kwa SQL Server, 1521 kwa Oracle. Inajitambulisha kwa jina na nywila, kisha inapeleka amri za SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) na kurudisha majibu kwa utaratibu ambao seva hiyo pekee ndiyo inauelewa. Utaratibu wa PostgreSQL si wa MySQL, kwa hiyo draiva ya moja haifungui nyingine hata kama SQL inafanana neno kwa neno. SQLite iko pembeni kabisa: haina seva, haina poti, haina nywila. Maktaba yake inasoma na kuandika faili moja kwenye diski ya mashine ileile.

Mijadala mingi huishia kwenye kasi ya draiva. Kwa mfumo wa ukubwa huu kasi hiyo haina uzito. Yenye uzito ni mambo mawili: nani atakayeifunga (yaani kuisakinisha) na kuisasisha kwenye kila mashine, na inafanya nini laini ikikatika katikati ya kazi.

| | Kinachofungwa | Inapofaa | Inaposumbua |
|---|---|---|---|
| ODBC | Draiva na DSN (jina lililohifadhi maelezo ya muunganisho) kwenye kila kompyuta | Excel, Power BI, Access | Biti 32 dhidi ya 64 |
| JDBC | Faili moja la jar (kifurushi cha Java) ndani ya programu | Mifumo ya Java | Muda wa kusubiri usio na kikomo |
| Asilia | Maktaba ya lugha husika | Python, PHP, Node, .NET | Kukusanya (compile) msimbo wa C, aina za namba |
| SQLite | Hakuna cha ziada | Mashine moja, laini mbovu | Waandishi wengi kwa pamoja |

ODBC: ya mhasibu

ODBC ilitolewa na Microsoft mwaka 1992 ili programu moja iweze kusoma hifadhidata za aina nyingi. Kati ya Excel na draiva kuna meneja wa draiva. Kwenye Windows anakuja na mfumo wenyewe, kwenye Linux ni unixODBC. Excel inamwita meneja, meneja anapakia draiva iliyoandikwa kwenye DSN, na draiva ndiyo inayozungumza na seva. Tabaka hilo moja la ziada ndiyo faida yake, na ndilo linalozaa karibu matatizo yake yote.

Tatizo la kwanza ni biti, na linapoteza muda wa watu kuliko jingine lolote. Kinachotazamwa si Windows ni ya biti ngapi, bali Excel ni ya biti ngapi. Office ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64 bado unakutana nayo kwenye kompyuta za ofisi, na inataka draiva ya biti 32. Angalia kwenye Excel, menyu ya File, Account, kisha About Excel, kabla hujapakua chochote. Ukikosea unapata kosa IM014, maana yake draiva na programu hazilingani biti. Kosa IM002 maana yake jina la DSN halikuonekana. Mara nyingi DSN ipo, ila imetengenezwa upande wa pili.

Windows ina visanidi viwili vya ODBC vyenye jina moja, `odbcad32.exe`. Kilichoko `C:\Windows\System32` ni cha biti 64, na kilichoko `C:\Windows\SysWOW64` ni cha biti 32. Ndiyo, majina yamekaa kinyume, na hakuna namna ila kuyakariri.

Kwa PostgreSQL, funga psqlODBC. Ya biti 64 inajitokeza kwenye orodha kama `PostgreSQL Unicode(x64)`, ya biti 32 kama `PostgreSQL Unicode`. Achana na ile ya ANSI. Tengeneza DSN ya mfumo, si ya mtumiaji: DSN ya mtumiaji inaonekana kwa aliyeingia tu, na siku mhasibu mwingine akikalia kiti hicho, ripoti haifunguki. Kisha upande wa seva:

```
CREATE ROLE mhasibu LOGIN PASSWORD '...';
GRANT SELECT ON ripoti_ya_mapokezi TO mhasibu;
```

`ripoti_ya_mapokezi` iwe mtazamo uliotengenezwa kwa CREATE VIEW, si jedwali lenyewe. Mhasibu asipewe haki ya kuandika kupitia ODBC hata kidogo. Access iliyounganishwa moja kwa moja kwenye jedwali inaruhusu mtu kubadilisha kilo kwa kubofya kisanduku, na mfumo wa mapokezi hautajua.

Kama muunganisho unakataliwa kabisa, anza na seva. PostgreSQL iliyosakinishwa karibuni inasikiliza `localhost` tu, yaani mashine yake yenyewe, kwa hiyo badilisha `listen_addresses` na uiwashe upya. Halafu ongeza kwenye `pg_hba.conf`, faili la ruhusa za kuingia, mstari kama `hostssl samaki mhasibu 192.168.1.0/24 scram-sha-256`. Tangu toleo la 14, SCRAM ndiyo njia ya kawaida ya kuhifadhi nywila, na draiva za zamani zenye libpq (maktaba ya C ya PostgreSQL) ya chini ya toleo la 10 hazijui SCRAM. Dawa ni kusasisha draiva. Kurudisha seva kwenye md5, njia ya zamani, ni kulegeza mlango wa wote kwa ajili ya kompyuta moja.

Wenye SQL Server wana mtego wao. Draiva ya ODBC toleo la 18 inalazimisha usimbaji bila kuuliza, wakati la 17 halikulazimisha. Ukihama, seva yenye cheti ilichojitengenezea inakataliwa. `TrustServerCertificate=yes` inapitisha, lakini iwe kwa mtandao wa ndani tu wakati unatafuta cheti halali.

JDBC: ya programu ya kiwandani

JDBC, njia ya programu za Java kufikia hifadhidata, ilikuja na Java 1.1 mwaka 1997. Draiva nyingi za leo ni za aina ya 4, yaani Java tupu: faili la jar linaingia ndani ya programu, na hakuna kinachofungwa kwenye Windows wala Linux. Kwa anayesimamia kompyuta zilizotawanyika hii ni nafuu kubwa. Daraja la zamani la kuifanya Java ipite kwenye ODBC liliondolewa kwenye Java 8, na ukiliona kwenye maelekezo, maelekezo hayo yamechacha.

Ukiambiwa hakuna draiva inayofaa, sababu huwa ama jar haimo kwenye classpath (orodha ya mahali Java inapotafuta faili zake), ama anwani imeandikwa vibaya, kwa mfano `jdbc:postgres:` badala ya `jdbc:postgresql:`. Anwani nzima iwe na mipaka ya muda:

`jdbc:postgresql://192.168.1.10:5432/samaki?connectTimeout=10&socketTimeout=60&tcpKeepAlive=true`

Usipoandika `socketTimeout`, chaguo-msingi lake ni 0, na sifuri maana yake subiri bila kikomo. Swichi ya ofisi ikizimika umeme ukikatika, programu inabaki imeganda na karani anaendelea kubofya. Hapo kuna tofauti ya kuangalia: draiva ya PostgreSQL inahesabu kwa sekunde, Connector/J ya MySQL inahesabu kwa milisekunde. Ukinakili `connectTimeout=10` kwenda MySQL umeipa seva sehemu ya mia ya sekunde kujibu.

Jambo la pili ni memori. Draiva ya PostgreSQL ya JDBC huvuta majibu yote kwa mkupuo. Ripoti ya mwaka yenye mistari milioni inaweza kuiangusha programu huku seva ikiwa nzima. Weka `setAutoCommit(false)` na `setFetchSize(1000)`, vyote viwili. `setFetchSize` peke yake wakati autocommit (kuthibitisha kila amri papo hapo) imewashwa haifanyi kitu, na draiva haikuambii.

Akiba ya miunganisho, kwa kawaida HikariCP, inakuja na ukubwa wa 10. Usiiongeze bila hesabu. PostgreSQL inakubali miunganisho 100 kwa chaguo-msingi, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi. Programu tano zenye akiba ya 20 kila moja zinataka 100, kwa hiyo itakayowashwa mwisho inapata kosa 53300, nafasi zimejaa. MySQL inaanzia 151. Kwa ofisi ya watu kumi na tano, akiba ya 5 kwa programu huwa inatosha.

Draiva asilia: ya Python, PHP, Node na .NET

Hizi zimeandikwa kwa lugha moja na hifadhidata moja: psycopg kwa Python, Npgsql kwa .NET, `pg` kwa Node, pdo_pgsql (draiva ya PDO ya PostgreSQL) kwa PHP. Zinatoa uwezo wa hifadhidata ambao viwango vya ODBC na JDBC vyenyewe havina, kama amri ya COPY inayoingiza maelfu ya mistari kwa mkondo mmoja.

Ndani yake kuna makundi mawili. Moja limejengwa juu ya libpq iliyoandikwa kwa C. Psycopg2 ikijengwa kutoka chanzo hukwama ikisema `pg_config` haionekani. Kwenye Ubuntu funga `libpq-dev`, `python3-dev` na `build-essential`, au tumia kifurushi kilichokwisha kukusanywa, `psycopg2-binary`. Wenyewe wanaoitunza wanashauri hicho cha binary kiwe cha kujaribia, na cha kazi kijengwe kwenye mashine yako. Kundi la pili halina C kabisa: Npgsql, pg8000, PyMySQL. Kwa kompyuta ya Windows isiyo na vifaa vya kukusanya, chukua kundi hilo.

Mtego wa Node ni wa pesa. Draiva ya `pg` inarudisha NUMERIC na BIGINT kama maandishi, kwa sababu namba za JavaScript haziwezi kuzibeba zote bila kupoteza usahihi. Ukijumlisha kilo 250.50 na 100.00 bila kuzigeuza unapata `250.50100.00`. Hakuna kosa linalotokea, ila ankara inatoka na upuuzi. Psycopg inarudisha Decimal, na hesabu inakaa sawa.

Alama za nafasi nazo hazilingani: psycopg inatumia `%s`, Node `$1`, JDBC na ODBC `?`. Kwa hiyo kubadilisha draiva ni kupitia kila amri upya. Usikwepe kazi hiyo kwa kuunganisha maandishi na kuyatumbukiza ndani ya SQL. Achilia mbali wavamizi. Kanda ya Ziwa amri kama hiyo inavunjika siku ya kwanza anapoandikishwa mvuvi anayeitwa Ng'wandu, maana ritifaa ya jina inafunga maandishi ya SQL katikati.

SQLite: ya mwaloni na ya Nansio

Ushauri wetu kwa Nansio ni kwamba pasiwe na draiva inayovuka maji kwenda moja kwa moja kwenye 5432. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni safari za mtandao. Tuseme laini ya simu inachukua milisekunde 80 kwenda na kurudi. Mistari 500 ikiingizwa mmoja mmoja ni sekunde 40 za kusubiri tu, kabla seva haijafanya kazi yoyote. Kuna tiba za kiasi: `reWriteBatchedInserts=true` kwenye JDBC, `execute_values` kwenye psycopg2, `fast_executemany` kwenye pyodbc kwa SQL Server. Zinapunguza safari, hazipunguzi kukatika.

Ya pili ni muunganisho unaokufa kimya. Mitandao ya simu hufuta kumbukumbu ya muunganisho uliokaa bila kazi, na haimwambii mtu. Linux kwa chaguo-msingi inasubiri sekunde 7200 kabla ya kupeleka ujumbe wa kwanza wa kuulizia uhai. Hayo ni masaa mawili. Kwa libpq punguza kwa `keepalives_idle=60 keepalives_interval=10 keepalives_count=3`.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Laini ikikatika baada ya COMMIT (amri ya kukamilisha muamala) kuondoka na kabla ya jibu kurudi, draiva inatoa kosa, lakini haijui kama muamala ulikamilika. Karani anabofya tena, na mvuvi analipwa mara mbili kwa sangara walewale. Hakuna draiva inayoliondoa hili. Kinachosaidia ni kitambulisho kinachotengenezwa kwenye mashine ya mizani yenyewe, aina ya UUID (namba ndefu isiyojirudia), na amri inayovumilia kurudiwa:

```
INSERT INTO mapokezi (id, mvuvi, gramu, shilingi, muda)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Basi mashine ya mizani iandike kwanza kwenye SQLite. Python inayo ndani yake, hakuna cha kufunga. Programu ndogo ya pembeni inatuma rekodi ambazo hazijathibitishwa kwa HTTPS kwenye huduma iliyoko ofisini, na huduma hiyo ndiyo yenye draiva asilia ya PostgreSQL. Poti 5432 haifunguliwi kwenye intaneti hata siku moja. Ikibidi msimamizi aingie kutoka mbali, apite kwenye VPN kama WireGuard.

Mipangilio ya SQLite kwa mahali ambapo umeme unakatika:

```
PRAGMA journal_mode=WAL;
PRAGMA synchronous=FULL;
PRAGMA busy_timeout=5000;
```

Utashauriwa uweke `synchronous=NORMAL` kwa ajili ya kasi. Katika WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, hifadhidata haiharibiki kwa hilo, ila miamala ya mwisho kabla ya umeme kuzima inaweza kupotea, na miamala hiyo ni samaki waliokwisha kupimwa na kuondoka. Baki na FULL. Mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili anasubiri hadi milisekunde 5000, kisha anapata kosa kwamba hifadhidata imefungwa kwa kufuli (`database is locked`). Faili lisiwekwe kwenye folda ya pamoja ya mtandao, maana kufuli zake hazitegemeki huko, na WAL haifanyi kazi kabisa kati ya kompyuta mbili. Kunakili, tumia `VACUUM INTO` au `.backup`. Ukinakili faili la .db peke yake programu ikiwa wazi, unaliacha la -wal lenye rekodi mpya.

SQLite pia haina ukali wa aina. Karani akiandika "12,5" kwa koma kwenye safu ya namba, inahifadhiwa kama maandishi bila malalamiko. Tengeneza majedwali ya STRICT, yaliyopo tangu toleo la 3.37, na uhifadhi uzito kwa gramu na fedha kwa shilingi nzima, zote INTEGER.

Saa tatu zinazopotea

Hili linawapata hata waliochagua vizuri. Draiva ya JDBC ya PostgreSQL inaipa seva majira ya saa ya kompyuta inayoendesha Java. Psycopg na psqlODBC zinapokea majira yaliyowekwa kwenye seva. Seva ikiwa kwenye UTC (saa tatu nyuma ya Tanzania), samaki waliopokelewa zamu ya usiku kati ya saa 6 na saa 9 wanaangukia jana kwenye Excel ya mhasibu na leo kwenye programu ya kiwandani. Jumla za mwezi zinakaribiana, za siku hazilingani, na watu wanaanza kutiliana shaka ya wizi.

Tumia `timestamptz`, si `timestamp`, kisha:

```
ALTER DATABASE samaki SET timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam';
```

Inashika kwa miunganisho mipya tu, kwa hiyo funga na ufungue Excel. Kwenye mtazamo wa ripoti andika `(muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date`, na siku itakuwa moja kwa draiva yoyote. Kwa Connector/J ya MySQL kuanzia 8.0.23, kigezo ni `connectionTimeZone`.

Kama hifadhidata ni MySQL

Mgawanyo ni uleule: Connector/ODBC kwa Excel, Connector/J au ya MariaDB kwa Java, PyMySQL au PDO kwa asilia. Linaloongezeka ni nywila. Tangu 8.0 chaguo-msingi ni `caching_sha2_password`, na PHP ya kabla ya 7.4 inasumbuliwa nayo. Sasisha PHP. Weka pia `utf8mb4`, kwani `utf8` ya MySQL inaishia baiti tatu kwa herufi na emoji inakataliwa au inakatwa. Na `wait_timeout` ni sekunde 28800: programu iliyoachwa wazi tangu jioni inakuta asubuhi muunganisho umefungwa na seva. HikariCP inajibadilishia miunganisho kila dakika 30, kwa hiyo haiguswi. Programu iliyofungua muunganisho mmoja na kuushikilia ndiyo inayoanguka.

Kabla ya kulipia chochote, jaribu hivi kwa kila mashine: anza kuingiza rekodi 100, chomoa waya wa mtandao au zima data zikifika kama 40, subiri dakika tano, rudisha. Hesabu rekodi kwenye seva. Ziwe 100 kamili, bila iliyojirudia, na programu iwe imetoa taarifa ya kukatika ndani ya dakika moja. Zikiwa 101, tatizo ni kitambulisho. Ikiwa skrini iliganda dakika zote tano, rudi kwenye mipaka ya muda ya draiva.